Kwa nini aspirini ya Marekani ina miligramu 325

Anayeletewa dawa na ndugu yake aliyeko Marekani huenda akashangaa akisoma chupa. Aspirini ya maumivu ina miligramu 325, na ile ndogo wanayopewa wagonjwa wa moyo ina 81. Kwenye maduka yetu ya dawa tumezoea 300 na 75. Dawa ni ileile, na ugonjwa ni uleule. Kinachotofautiana ni jinsi watu wa zamani walivyokata hesabu walipohama kutoka mizani ya kale kwenda gramu.

Watengeneza dawa wa Uingereza na Marekani walipima kwa greini, uzito uliokadiriwa kwa punje ya shayiri. Greini 20 ni skrupuli moja, skrupuli 3 ni dramu moja, dramu 8 ni wakia moja, na wakia 12 ni ratili moja. Makubaliano ya mwaka 1959 baina ya Marekani, Uingereza na nchi nyingine nne yaliifunga greini kwenye miligramu 64.79891. Kwa hiyo skrupuli ni gramu 1.296, dramu 3.888, wakia 31.103 na ratili 373.24.

Dukani hakuna aliyepima desimali zote hizo. Wapo walioihesabu greini kuwa miligramu 60, na wapo walioihesabu kuwa 65. Kidonge cha kawaida cha aspirini kilikuwa na greini 5. Zidisha kwa 60 upate 300 ya Waingereza, ambayo ndiyo tuliyorithi. Zidisha kwa 65 upate 325 ya Wamarekani. Robo ya 300 ni 75, na robo ya 325 ni 81 na ushei. Kwinini nayo ni hivyohivyo: huku 300, Marekani 324. Hata fenobabitoni ya kifafa, kidonge cha miligramu 30 ambacho familia nyingi zinakifahamu, ni nusu greini iliyobadilishiwa jina.

Anayesoma vitabu vya zamani aulize kwanza wakia iliyoandikwa ni ya nani. Wakia ya mtengeneza dawa ni gramu 31.1, sawasawa na ile inayotumika kuuzia dhahabu hadi leo. Wakia ya muuza nyama na sukari ni gramu 28.35. Ratili zao zinakwenda kinyume: ya dawa ina wakia 12 na ni nyepesi, ya sokoni ina wakia 16 na inafika gramu 453.6. Ukichanganya hizo mbili, hesabu yote inaharibika.

Mfano mzuri wa faida ya kubadilisha vipimo uko karibu nasi. David Livingstone, katika kitabu cha safari yake ya Zambezi kilichotoka 1865, alieleza vidonge vyake vya homa: utomvu wa jalapi greini 6 hadi 8, mzizi wa rubabu kiasi hichohicho, kalomeli greini 3 na kwinini greini 3, vikafinyangwa kuwa vidonge vinne. Vyote vinne vilikuwa dozi ya mwanamume mzima. Tukibadilisha, kwinini yote iliyomo katika vidonge hivyo ni miligramu 194. Leo mtu mzima anayetibiwa malaria kwa vidonge vya kwinini hupewa 600 kila baada ya saa 8, kwa siku saba. Yaani kwinini ya vidonge vyote vinne haikufika theluthi ya dozi ya mara moja tu ya sasa. Jalapi na rubabu ni dawa za kuharisha, na kalomeli ni chumvi ya zebaki, miligramu 194 za sumu tumboni mwa mtu mwenye homa. Bila kubadilisha vipimo, maelezo hayo yanasomeka kama tiba ya busara. Ukivibadilisha, unaona vidonge vyenyewe vilikuwa na dawa nyingi za kuharisha na kwinini kidogo.

Hatari ya leo iko kwenye herufi mbili. Greini hufupishwa gr, gramu hufupishwa g, na gramu moja ni zaidi ya greini 15. Daktari akiandika fenobabitoni 0.5 gr, anataka miligramu 32. Anayesoma haraka akaona nusu gramu atatoa 500, kiasi kinachoweza kumlaza mgonjwa usingizi mzito na kudhoofisha pumzi yake. Alama ya kale ya dramu nayo hufanana mno na tarakimu 3. Ndiyo maana wataalamu wa usalama wa dawa wanataka vipimo hivi visiandikwe tena kwenye cheti cha mgonjwa, na mimi naona wana haki kabisa.

Ukipokea dawa kutoka ng'ambo, soma namba pamoja na kipimo chake. Ukiona gr, usikisie: mpelekee mfamasia akuandikie kwa miligramu kabla hujameza.