"Ni buzee tu": dipresioni ya wazee wetu wa Kambove

Leo sileti habari ya kazi wala ya masomo. Naleta neno la nyumbani.

Kambo yangu alikuwa mtu wa Gécamines hapa Kambove. Mwaka 2003 aliondoka pamoja na wenzake zaidi ya 10,000 katika ile "depa volonteri". Watu wanasema wazee wale waliuliwa na mawazo. Ni kweli nusu. Kambo alivumilia miaka yote ile, alilima, alitengeneza redio za jirani. Ugonjwa ulimfikia akiwa na miaka 71, wakati nyumbani hakukuwa hata na matata mapya.

Alianza kuamka saa tisa ya usiku na kukaa gizani. Bukari aliacha nusu. Redio ya jirani ilikaa mezani mwezi mzima bila kufunguliwa. Hakulia, hakusema ana huzuni. Alisema tu: "Mwili inachoka." Ukimuuliza jambo: "Sijui." Shangazi akasema amerogwa. Mimi na diploma yangu nikasema anapoteza akili. Wengine: "Ni buzee tu, mumuache." Sote tulikosa.

Munganga alianza kwa kupima tansio. 18 kwa 10.

Sisi tulishangaa: tansio na dipresioni (sonona) wanakutana wapi? Wanakutana hapa. Ndani ya ubongo kuna nyuzi nyeupe zinazounganisha sehemu ya mbele, inayopanga na kuanzisha mambo, na sehemu za ndani zinazobeba hisia. Nyuzi hizo zinalishwa na mishipa midogo sana. Tansio ya miaka mingi, ama sukari, inafanya mishipa hiyo kuwa migumu na myembamba. Damu inafika kidogo, nyuzi zinaumia polepole, bila mtu kupooza. Mwaka 1997 George Alexopoulos na wenzake, huko Marekani, walieleza wazo la "dipresioni ya mishipa". Si kila mzee mgonjwa yuko hivyo. Lakini wazo hilo linasaidia kuelewa kwa nini mtu anaweza kupata dipresioni kwa mara ya kwanza uzeeni, na kwa nini anaonekana mzito na asiyeweza kuanza kazi, kuliko mwenye machozi.

Jambo la pili ni kotizoli. Ukiwa na mawazo, tezi zilizo juu ya figo zinaitoa. Baadaye ubongo unapaswa kufunga bomba, na sehemu inayoitwa hipokampasi, ile ile ya kumbukumbu, inasaidia kuifunga. Kotizoli ikikaa juu muda mrefu, hipokampasi inadhoofika, na breki nayo inalegea. Ndiyo sababu moja ya mzee kusahau.

La tatu: kadiri umri unavyokwenda, kinga ya mwili inabaki imewaka kidogo hata pasipo kidonda. Kemikali zake zinafikia ubongo. Kumbuka siku unapokuwa na malaria: hutaki chakula, hutaki watu, unataka kulala tu. Hali kama hiyo, ila haipiti.

Na serotonini? Ipo, dawa nyingi zinaigusa. Lakini kusema "imepungua, basi" ni kufupisha mno.

Namna gani utaitofautisha na ugonjwa wa kupoteza akili? Ule kwa kawaida unakuja polepole, kwa miaka, na mara nyingi mgonjwa anaficha kwa kujibu chochote. Dipresioni mara nyingi inaingia kwa wiki ama miezi, na mtu anasema "sijui" bila hata kujaribu. Lakini yote mawili yanaweza kukaa pamoja, na tezi ya shingo, ukosefu wa vitamini B12 ama dawa fulani vinaweza kuleta dalili zile zile. Kwa hiyo hukumu aachiwe munganga. Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain.

Kambo alipewa dawa ya tansio, na ya dipresioni kwa kipimo kidogo, kwa sababu figo na ini la mzee vinaondoa dawa polepole. Wiki ya tatu tulitaka kuacha, hatukuona kitu. Munganga alikataa. Kila asubuhi tulimtembeza mpaka sokoni. Wiki ya saba nilimkuta mezani, ameshika bisibisi, redio iko wazi. Hakupona yote, kuna siku bado nzito. Lakini anauliza tena bei ya betri.

Neno la mwisho ni zito. Mzee akisema "afazali nikufe", usicheke, usimkemee. Muulize waziwazi kama anafikiri kujiua, usimwache peke yake, mfikishe kwa munganga siku ile ile. Duniani kote, kiwango cha kujiua kiko juu zaidi kwa wenye miaka 70 na kuendelea.

Wikendi hii ukipita nyumbani, muulize mzee wako analala namna gani, halafu mupeleke apimwe tansio. Tulisoma, hii nayo ni kazi ya diploma.