Chumba kifungwe, somo la sanaa liendelee

Machi 2020, kwa sababu ya korona, shule za Afrika Mashariki zilifungwa moja baada ya nyingine. Kenya ilitangaza hatua hiyo tarehe 15, Tanzania tarehe 17, na Uganda ikafunga tarehe 20. Kufunguliwa kwake kulipishana mno. Wanafunzi wa Tanzania walirejea wote kufikia 29 Juni mwaka huohuo. Kenya iliwarudisha kwanza watoto wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne, tarehe 12 Oktoba, na waliobaki wakasubiri hadi 4 Januari 2021. Nchini Uganda ngazi zote zilifunguliwa tarehe 10 Januari 2022, baada ya takriban miaka miwili.

Katika kupanga nani arudi lini, mitihani ndiyo iliyotangulizwa. Watoto wanaojifunza muziki, ngoma, uchoraji, maigizo au sarakasi jioni na siku za Jumamosi hawakuwa na mahali pa wazi katika mipango hiyo. Kila mwalimu na kila mzazi aliachiwa aamue mwenyewe. Wapo waliofunga kila kitu, na wapo walioendelea kimyakimya katika vyumba vilivyofungwa madirisha. Njia zote mbili zilikuwa na madhara, na janga jingine likija tusirudi kwenye kubahatisha huko.

Msimamo wangu ni huu: serikali inapofunga shule, mikusanyiko ya sanaa nayo isimame, lakini ufundishaji uendelee kwa njia nyingine. Vizuizi vikianza kulegezwa, vipindi vya sanaa vinavyoweza kufanyika nje viwe miongoni mwa shughuli za kwanza za watoto kurejea.

Hatari inatoka wapi

Virusi vya korona husafiri zaidi kwa hewa. Mwenye maambukizi akipumua, akizungumza au akiimba, hutoa chembechembe za majimaji. Zile kubwa huanguka karibu naye. Zile ndogo sana huelea na kujaa chumbani kama moshi wa sigara: hata aliyekaa pembeni huuvuta, na dirisha likifungwa huzidi kuwa mzito. Ndiyo maana kunawa mikono na kutenganisha viti, hatua tulizozishika sana mwaka 2020, hazikutosha ndani ya chumba kisichopitisha hewa.

Tukio lililowafungua macho wataalamu wengi lilitokea mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington, Marekani. Jioni ya 10 Machi 2020 wanakwaya 61 walifanya mazoezi kwa saa mbili na nusu, na mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Uchunguzi wa kiafya uliofuata uliwakuta wenzake 52 wameugua: 32 walithibitishwa kwa vipimo na 20 walihesabiwa kutokana na dalili zao. Wawili walifariki. Wengi wa wanakwaya hao walikuwa wazee, kwa hiyo vifo hivyo havitupi kipimo cha hatari ya mtoto. Tukio lenyewe linatuonyesha jinsi chumba kimoja na jioni moja vinavyoweza kusambaza ugonjwa.

Baadaye mwaka huo watafiti wa Uingereza, wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Bristol, waliwapima waimbaji wakiwa kazini. Waliona kwamba kinachoongeza chembechembe hasa ni ukubwa wa sauti. Kuimba au kusema kwa sauti ya juu kabisa kulitoa chembechembe kwa wingi wa mara 20 hadi 30 kuliko kwa sauti ya chini, na kuimba hakukutofautiana sana na kusema pale sauti zilipolingana. Kwa mwalimu hili lina maana kubwa. Darasa la watoto kumi wanaoimba taratibu uwanjani lina hatari ndogo kuliko darasa la hesabu ambamo watoto hamsini wanaitikia kwa kelele ndani ya chumba kimoja.

Kuhusu watoto wenyewe, ugonjwa mkali wa korona ulikuwa nadra kwao ukilinganisha na watu wazima. Lakini mtoto hakai peke yake. Katika nyumba zetu nyingi anakula na kulala pamoja na bibi, babu au shangazi mwenye kisukari, na hao ndio walio hatarini zaidi.

Kiungo kati ya shule na shule

Kuna jambo moja linalovitofautisha vipindi vya sanaa na shule ya kawaida, nalo halizungumzwi vya kutosha. Shule huwakutanisha watoto walewale kila siku. Kikundi cha sanaa huwachanganya watoto wa shule nyingi na mitaa mingi. Ghetto Classics, mpango wa muziki ulioanzishwa mwaka 2008 katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, umepata sifa kwa kuwaleta pamoja watoto na vijana ambao huenda wasingekutana. Wakati wa mlipuko uzuri huo hugeuka njia ya virusi: mtoto mmoja anaweza kuutoa ugonjwa shule moja na kuufikisha katika shule tano kwa Jumamosi moja.

Hii ndiyo sababu yangu ya kutaka mikusanyiko isimame shule zinapofungwa. Sababu hiyohiyo inatuonyesha namna ya kufungua: vikundi vidogo, watoto walewale kila wiki, wa mtaa mmoja au shule moja, na mwalimu asiyehama kutoka kikundi hadi kikundi siku moja bila kuvaa barakoa.

Kila sanaa ipimwe peke yake

Kuziweka sanaa zote kwenye kapu moja ni kosa. Uchoraji, ufinyanzi, kusuka na kushona havihitaji sauti wala pumzi ya nguvu. Hatari yao iko kwenye kukaa karibu na kushirikiana vifaa, na kila mtoto akipewa brashi na rangi zake tatizo hilo hupungua sana.

Ala za nyuzi na za kugonga zinafuata. Mwanafunzi wa taarabu anayejifunza kanuni, udi au fidla, ala ambazo Dhow Countries Music Academy ya Mji Mkongwe, Zanzibar, imekuwa ikizifundisha tangu mwaka 2002, anaweza kucheza akiwa amevaa barakoa mwanzo hadi mwisho. Mpiga ngoma vilevile, japo jasho na pumzi vinahitaji nafasi kubwa zaidi.

Ala za kupuliza zinataka uangalifu. Filimbi, nai na tarumbeta hupitisha pumzi moja kwa moja, na mate hukusanyika ndani yake. Vipimo vilivyofanywa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, vilionyesha kwamba kufunika mdomo mpana wa tarumbeta, unakotokea sauti, kwa kitambaa kizito hupunguza chembechembe zinazotoka. Ushauri uliofuata ulikuwa kupiga kwa dakika 30, kisha kuiacha hewa ibadilike kabla ya kuendelea. Maji ya ndani ya ala yamwagwe kwenye kitambaa kinachofuliwa, kamwe si sakafuni, na ala moja isipulizwe na watoto wawili.

Kwaya na maigizo hurejea mwisho kwa upande wa ndani, na mapema zaidi kwa upande wa nje. Sarakasi na ngoma za kushikana zina tatizo jingine: haiwezekani kujenga mnara wa watu kwa umbali wa mita moja. Hapa mwalimu abadili mtaala kwa muda, afundishe mizani, nguvu, kurusha mipira na hatua za mtu mmoja, na yale ya kubebana yasubiri.

Somo bila chumba

Vizuizi vikiwa vikali, wengi hufikiria video. Kwa muziki wa pamoja video haifai sana, kwa sababu sauti huchelewa njiani na mapigo hayakutani. Tena intaneti yenyewe si ya wote. Mwishoni mwa 2020 UNICEF na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu (ITU) walikadiria kwamba theluthi mbili ya watoto na vijana wa miaka 3 hadi 17 duniani, yaani bilioni 1.3, hawakuwa na intaneti nyumbani. Kwa kanda ya mashariki na kusini mwa Afrika walikuwa karibu 9 kati ya 10.

Kinachofanya kazi ni kitu chepesi zaidi. Mwalimu anarekodi sauti ya dakika mbili na kuituma kwa WhatsApp. Mtoto anasikiliza, anafanya mazoezi siku mbili tatu, anajirekodi kwa simu ya mzazi na kurudisha. Mwalimu anamsikiliza na kumwambia kipi kimekaa sawa na kipi arudie. Bando inayotumika ni ndogo, na mtoto anapata kitu ambacho darasa la watu ishirini humpa kwa nadra: sikio la mwalimu kwake peke yake. Penye simu ya kitochi, mazungumzo ya dakika kumi kwa wiki yanatosha kufundisha mapigo ya ngoma juu ya meza au kusikiliza hadithi aliyoitunga mtoto. Wachoraji wadogo wanaweza kupelekewa bahasha ya karatasi, penseli na kazi ya wiki nzima.

Nyumbani nako kuna walimu. Bibi anayejua kusuka ukili, babu mwenye hazina ya hadithi na mafumbo, mjomba anayeshona kofia: hao wanaishi na mtoto, kwa hiyo hawaongezi mkusanyiko wowote. Mwalimu wa sanaa anaweza kumpa mtoto kazi ya kujifunza kutoka kwa mmoja wao na kuleta taarifa. Hiyo ni elimu kamili, haipungukiwi kitu.

Tahadhari moja haina mjadala. Mawasiliano yote kati ya mwalimu na mtoto yapitie simu ya mzazi au mlezi, au kundi ambalo mzazi yumo. Mazungumzo ya siri kati ya mtu mzima na mtoto hayaruhusiwi kwa kisingizio cha janga.

Kwa nini isisubiri

Nimesikia hoja kwamba watu wanapokufa, sanaa ya watoto ni anasa. Hoja hiyo inastahili jibu la heshima, maana hutolewa na watu walioona misiba. Jibu liko kwenye afya yenyewe. Novemba 2019 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na yalikuta ushahidi kwamba sanaa husaidia ukuaji wa mtoto, hupunguza msongo wa mawazo na huwasaidia watu kukabili maradhi. Mtoto aliyefungiwa ndani, anayesikia habari za vifo kila siku na asiyeweza kuaga maiti wa nyumbani kwao, ana hofu asiyoweza kuitamka. Mchoro, mdundo au igizo humpa pa kuitoa.

Kuna pia suala la mtu mzima anayemwona mtoto kila wiki. Utafiti uliofanyika Siaya, magharibi mwa Kenya, uligundua kwamba wasichana waliopitia kufungwa kwa shule walikuwa na uwezekano mara mbili wa kupata mimba kabla ya kumaliza sekondari, na mara tatu wa kuacha shule, wakilinganishwa na waliomaliza kabla ya janga. Utafiti huo ulihusu shule, haukuhusu vikundi vya sanaa. Lakini unatukumbusha kwamba mtoto akikosa ratiba na mwangalizi, madhara hayakawii. Simu ya mwalimu wa ngoma kila Jumamosi ni jicho moja zaidi juu ya mtoto huyo.

Na mwalimu naye anakula. Wengi wao hawana mkataba wala mshahara wa mwezi. Aliyekosa ada kwa miezi sita hutafuta riziki kwingine, na kikundi alichokilea kwa miaka hufa. Mzazi mwenye uwezo aendelee kulipa hata nusu ya ada kwa somo la simu, na halmashauri ziwahesabu walimu hawa zinapogawa misaada.

Ugonjwa mwingine, kanuni nyingine

Yote haya yanahusu ugonjwa wa hewa. Septemba 2022 Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola, na Novemba ikafunga shule wiki mbili kabla ya muda. Ebola huenea kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au marehemu, hivyo hatari hapo ni kushikana, jasho na vifaa vya pamoja, na dirisha wazi halisaidii sana. Kipindupindu huja kwa maji na chakula: darasa la uchoraji lenye sabuni na maji salama linaweza kuendelea, ila vitafunio vya kugawana viondolewe. Surua husambaa hewani kwa kasi kuliko hata korona, na kinga yake ya kwanza ni chanjo. Mwalimu aulize kwanza ugonjwa unasafiri vipi, kisha ndipo apange darasa.

Nawaomba wizara za elimu na za afya za nchi zetu ziandike sasa, kabla ya mlipuko ujao, mwongozo mfupi wa vipindi vya sanaa vya watoto: vipi visimame, vipi viende nje, na vipi vihamie kwenye simu. Walimu, orodhesheni leo namba za wazazi na kazi za wiki nne ambazo mtoto anaweza kuzifanya nyumbani. Wazazi, siku shule zitakapofungwa tena, msimwondoe mtoto kwenye sanaa yake. Muulizeni mwalimu somo la wiki hii ni lipi, kisha mtafutieni mtoto kona tulivu na nusu saa kila siku.