Kupima mawazo ya watu

Mwaka 1936 gazeti Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maulizo milioni 10; zaidi ya milioni 2 zilirudi. Likatangaza: Landon atashinda. Akashinda Roosevelt. George Gallup aliuliza watu wachache zaidi, naye alitabiri vema. Sababu gani? Gazeti lilichota majina mengi katika orodha za wenye simu na motokari. Maskini wengi wakasahauliwa. Basi wingi wa majibu hautoshi: yapasa kila namna ya watu isikilizwe. Kwetu Kongo, mwaka 2016, BERCI na Groupe d'étude sur le Congo waliuliza watu zaidi ya 7.500 katika majimbo yote 26. Nawe katekista wa Nundu, ukiuliza wa kando ya ziwa tu, ukiacha wa milimani, usiseme: «Wakristu wote wataka hivi.»