Kamioneti ya kuni: piga magoti kabla ya kulipa

Ndugu mfanyakazi, na ninyi akina mama mnaosoma ukurasa huu nyumbani,

Mara hii hatutasema juu ya kofia ya chuma wala vumbi la mawe. Tutasema juu ya kamioneti. Wengi wenu mnapopewa dekonti ya mwisho, au mnapofikiwa na zamu ya likelemba, wazo ni lilelile: kununua kamioneti ya okazioni, kuipakia kuni na makala, na kuja kuuza Bukavu. Wazo si baya. Ruzizi ya kwanza inatoa umeme tangu mwaka 1959 na Ruzizi ya pili tangu 1989, lakini chungu cha maharagwe bado kinaiva juu ya mbabula. Kuni hazikosi mnunuzi Kadutu, wala Bagira, wala Ibanda.

Mimi ni muganga msaidizi, si fundi wa magari. Kile ninachojua juu ya kamioneti nilifundishwa na wagonjwa, na zaidi na shemeji yangu.

Shemeji alifanya kazi chini ya ardhi miaka 19. Alipopata dekonti alimtafuta komisioneri, na komisioneri akamletea Hilux nyeupe iliyopigwa rangi mpya. Tulikwenda kuiona watu watatu: shemeji, mimi, na mtoto wake wa kwanza, kijana wa miaka 16. Tulifungua kofia ya moteri. Moteri ilishika mara moja, moshi hakuna. Shemeji akacheka kwa furaha. Tuliizungusha mara mbili kwenye uwanja tambarare, tukalipa siku ileile. Hakuna hata mmoja wetu aliyepiga magoti aangalie chini ya gari. Mimi nilikuwa nimevaa suruali safi. Sababu yangu ilikuwa hiyo tu, wala siwezi kuipamba.

Safari mbili zilikwenda vizuri. Safari ya tatu walipakia mikaratusi mibichi upande wa Walungu, mpaka juu ya kabini, na kijana akapanda juu ya mzigo pamoja na wapakiaji wawili. Kwenye mteremko shofere alikanyaga freni, ikashika. Akakanyaga tena, ikashika kidogo. Mara ya tatu mguu ulikwenda mpaka chini, kama mtu anayekanyaga matope. Kushoto kulikuwa bonde, kulia ukingo wa mlima. Shofere alikuwa mtu mzima, hakupoteza akili. Aliisukuma gari kwenye ukingo mpaka ikasimama. Lakini gari iliposimama, mzigo haukusimama. Kuni ziliruka mbele, na watu pamoja nazo. Wapakiaji walichubuka. Kijana alivunjika mfupa wa paja.

Mnajua mfupa wa paja ukivunjika ni nini? Ndani ya paja inaweza kumwagika damu lita moja, hata lita moja na nusu, bila tone moja kuonekana nje. Mgonjwa hana kidonda, watu wanasema "amepona, ni mguu tu," na yeye anakuwa baridi, analowa jasho, anaomba maji. Kijana wetu alifika akiwa hai kwa sababu mpakiaji mmoja alikuwa na akili ya kumfunga mguu uliovunjika pamoja na mguu mzima, kisha wakamlaza juu ya ubao. Alilala hospitali majuma nane mguu ukivutwa kwa uzito. Leo anatembea, lakini mguu mmoja ni mfupi kuliko mwenzake.

Baadaye fundi aliifungua ile Hilux. Mafuta ya freni yalikuwa meusi kama kahawa. Bitambaa vya freni vilikuwa vimekwisha karibu na chuma. Na chini, kwenye resori za nyuma, kulikuwa majani yaliyoongezwa, mapya kabisa. Fundi alituonyesha hayo majani kwanza, kabla ya freni. Alisema gari yenye resori zilizoongezwa inakueleza maisha yake: ilibebeshwa kupita kiasi miaka mingi. Mwenye gari aliongeza resori ili isilale chini, lakini freni alizoziacha ni zilezile za kiwandani. Gari inasimama wima, inapendeza, inasema "pakia tu." Kusimama kwenye mteremko ni jambo lingine.

UZITO WA KUNI

Hapa nawaomba mchukue karatasi na kalamu. Watoto wa shule wanaweza kuwasaidia.

Kamioneti kama Hilux au Land Cruiser ya mzigo imetengenezwa kubeba tani moja hivi, na ndani ya tani hiyo unamhesabu hata shofere na yule aliyeketi pembeni yake. Chukua karoseri ya urefu wa mita 2 na sentimita 20, upana mita 1 na sentimita 60. Ukipanga kuni kimo cha mita moja, umepakia steri 3 na nusu. Steri moja ya mikaratusi iliyokatwa juma hili ina uzito wa kilo 650 hivi. Zidisha: unapita kilo 2,200. Umepakia kamioneti mbili ndani ya moja, na bado hujampandisha mtu.

Zikikauka miezi kadhaa mahali pasiponyeshewa, steri ileile inashuka karibu na kilo 450. Ukipanga kimo cha sentimita 60 tu, utakuwa na kilo 950. Huo ndio mzigo wa kamioneti. Najua mtaniambia: "Muganga, kwa mzigo huo mdogo, mazutu italipwa na nani?" Shemeji alisema hivyohivyo. Nawajibu kwamba mama wa nyumbani akizoea kuni kavu kwako hatakwenda kwa mwingine, kwa sababu kuni mbichi zinamwagilia macho, zinajaza nyumba moshi, na watoto wanakuja kwetu dispanseri na kikohozi. Kuni kavu zinauzwa kwa bei nzuri zaidi, na unabeba moto mwingi badala ya kubeba maji.

Makala ni hatari kwa namna nyingine. Magunia ni mepesi, basi watu wanayajenga kama nyumba ya gorofa, na gari inaanguka ubavu kwenye kona.

KWA NINI FRENI INAKUFA MLIMANI

Barabara zetu si za tambarare. Mji wetu uko kimo cha mita 1,500 hivi, na karibu kila njia ya kuni ina mteremko. Wanaopita Ngomo kushuka Kamanyola wanajua ninachosema. Kila unapokanyaga freni, mwendo wa gari unageuka kuwa joto. Uzito ukizidi mara mbili, joto nalo linazidi mara mbili. Mafuta ya freni ya namba DOT 3, yakiwa mapya, yanachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Lakini mafuta hayo yanakunywa maji kutoka hewani polepole, na yakishalewa maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea kama mpira. Ndiyo maana pedali ilikwenda chini. Yabadilishwe kila miaka miwili, na siku ya kununua gari yabadilishwe hata muuzaji akiapa kwamba ni mapya.

Kuna mashofere wanaoshuka mlima bila vitesi, au wanazima moteri kabisa, ili kuokoa mazutu. Huo ni wazimu. Freni za gari hizi zinasaidiwa na pampu inayozungushwa na moteri. Moteri ikizimwa, unakanyaga mara mbili au tatu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Shuka kwa vitesi ileile ambayo ungeitumia kupanda, moteri ikiwaka. Freni ziguswe kidogo tu.

SIKU YA KWENDA KUIONA

Nenda na fundi wako mwenyewe, si yule aliyeletwa na komisioneri. Nenda asubuhi, na mvae nguo za kazi. Weka mkono juu ya kofia ya moteri. Ikiwa tayari ina joto, wameiwasha ili isikusumbue mbele yako. Sema utarudi kesho.

Kisha piga magoti. Angalia shasi kutoka mbele mpaka nyuma, zaidi pale nyuma ya kabini na pale resori zinaposhikiliwa. Gonga kwa funguo: chuma kizima kinalia, chuma kilicholiwa na kutu kinatoa sauti ya bubu. Ukiona shasi imeunganishwa kwa kulehemu, wacha gari hiyo, hata ukipunguziwa bei. Kwa mambo mengine nakubali watu wabishane na fundi. Kwa hili sikubali. Hesabu majani ya resori, kulia na kushoto, uone kama yanalingana. Tazama ndani ya kila gurudumu. Palipolowa mafuta, freni inavuja.

Sasa ingia ndani, moteri bado imezimwa. Kanyaga freni mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu, uishikilie na mguu hapo, ndipo uwashe moteri. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, ule msaada wa freni haufanyi kazi. Halafu endelea kukanyaga kwa nguvu dakika nzima, ukihesabu mpaka 60. Ikizama polepole, pampu kubwa ya freni imekwisha. Majaribio haya mawili hayalipiwi hata falanga moja, na shemeji angeyafanya, asingelipa.

Pine zina maandishi ubavuni. Tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2317 maana yake juma la 23 la mwaka 2017. Pine iliyopita miaka kumi usiitegemee kwa mzigo, hata kama meno yake bado marefu. Jaribu gari mlimani, si uwanjani, na ndani yake muwe na uzito kidogo.

Magari mengi yanayotufikia kupitia Dar es Salaam na Mombasa yana volani kulia, na sisi tunaendesha kulia. Shofere wa gari hiyo haoni mbele anapotaka kupita lori. Akitaka kupita, anatoa gari nzima nje ndipo aone. Kwa gari yenye mzigo sheria iwe moja: asipite kabisa pale njia haionekani mbali.

Karatasi nazo. Namba iliyochongwa kwenye shasi ilingane na ile ya kati rozi, tarakimu kwa tarakimu. Muuzaji akisema karatasi ziko kwa yaya wake Goma, mwambie vizuri tu kwamba pesa nazo zitangoja yaya arudi. Na usimalize dekonti yote kwenye bei. Mimi ningeacha sehemu moja kwa tano kwa ajili ya freni, pine na mafuta, kabla kuni ya kwanza haijapakiwa.

Juu ya kuni zenyewe nitasema kidogo. Nunua kwa mwenye shamba la mikaratusi. Miti ya Kahuzi-Biega usiiguse. Mahali hapo ni mbuga ya taifa tangu 1970, iko katika urithi wa dunia tangu 1980, na tangu 1997 imeandikwa kati ya zile zilizo hatarini. Mwenye kuingia huko kukata anaweza kupoteza kuni, gari na uhuru wake.

MTU ASIPANDE JUU YA MZIGO

Mama, hili nakuambia wewe kwa sababu baba akiwa na haraka hatasikia. Mtoto wako asipande juu ya kuni. Wala mpakiaji, wala mama wa sokoni anayeomba lifti na kikapu chake. Kuni zipangwe kwa kulala, zifungwe kamba mbili za kukingama, zisipite kimo cha kabini, na nyuma ya kabini pawe na vyuma vya kuzuia. Wapakiaji ambao hawana nafasi ndani wapande gari nyingine. Ndiyo, inagharimu.

Na ndani ya kabini, chini ya kiti, weka mfuko wa msaada wa kwanza: bendeji nne pana, vitambaa safi, blanketi moja, na mbao mbili nyembamba zenye urefu wa mguu wa mtu mzima. Mtu akivuja damu, bonyeza kidonda kwa kitambaa na mkono usiachilie, hata akilia. Akilalamika shingo au mgongo, asiinuliwe kwa mabega. Mumviringishe wote pamoja juu ya ubao, kichwa na mwili vikifuatana. Paja likivimba, mfunge mbao, au mguu kwa mguu kama alivyofanya yule mpakiaji, umfunike, usimpe chakula wala kinywaji, na mje moja kwa moja hospitali bila kupitia kwanza nyumbani kuwaita ndugu.

Mbao hizo tunazo dispanseri, zimekwisha kukatwa na kulainishwa. Seremala wa kampuni alitengeneza jozi 12. Aliyenunua kamioneti aje achukue jozi moja, halipi kitu.