Kanisa la Mkunazini, Mahali Palipokuwa Soko la Watumwa

Mtu atokaye Ndalu, kati ya Kitale na Bungoma, ana safari ndefu hata afike Unguja. Hana budi kushuka mpaka Nairobi, kisha pwani, kisha avuke bahari. Wageni wengi wakifika huko huenda kwanza kutazama majumba ya Masultani na milango ya mbao iliyonakshiwa, wala si vibaya. Lakini katika mtaa wa Mkunazini lipo jengo ambalo lamhusu mtu wa bara kuliko majumba hayo yote. Ni kanisa kuu la Kianglikana, lililojengwa katika siku za Malkia Victoria juu ya uwanja walipouzwa watu wa bara.

Zamani watu walipangwa hapa safu kwa safu, wakakaguliwa meno na viungo kama ng'ombe mnadani. Wengi walitoka upande wa Nyasa, wakafikishwa Kilwa kwa miguu na kupakiwa majahazini. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash, aliyeshurutishwa sana na Balozi wa Uingereza, John Kirk, alitia sahihi mapatano ya kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Yafaa msomaji ajue kwamba mapatano hayo hayakumfungua mtumwa aliyekwisha kununuliwa. Huyo aliendelea kulima mashamba ya mikarafuu, na sheria ya kuukomesha utumwa katika Unguja na Pemba haikutolewa mpaka mwaka 1897.

Padre mmoja wa Misheni ya Vyuo Vikuu, jina lake West, alinunua sehemu ya uwanja ule kwa fedha zake mwenyewe, na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji, akatoa sehemu nyingine kuwa zawadi. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi, 1873. West hakuliona kanisa limesimama, maana alifariki mwaka uliofuata. Aliyelijenga hasa ni Askofu Edward Steere, naye aliisimamia kazi mwenyewe. Miongoni mwa mafundi na vibarua walikuwamo watu waliokuwa watumwa jana yake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na saruji, na paa halina boriti hata moja, bali limepinda kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Wengi walitazamia kwamba viunzi vikiondolewa litaanguka. Halikuanguka. Ibada ya kwanza ilisomwa humo siku ya Krismasi, 1877, kabla jengo halijakamilika.

Aingiaye ndani na atazame chini mbele ya madhabahu. Ataona duara ya marumaru nyeupe iliyozungukwa na mawe mekundu. Husimuliwa kwamba ndipo uliposimama mti ambapo watumwa walifungwa na kupigwa mijeledi, na kwamba wekundu ule ni ukumbusho wa damu. Karibu na birika la ubatizo ziko nguzo fupi zilizosimamishwa juu chini. Yasemekana mafundi walizikosea Askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Msalaba mmoja wa mti ulichongwa kutoka katika mti wa Chitambo, nchi ya Zambia, ambao chini yake Chuma na Susi na wenzao waliuzika moyo wa David Livingstone mwaka 1873, kabla ya kuuchukua mwili wake hata Bagamoyo.

Askofu Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Kaburi lake lina habari kwa kila mtoto aliyejifunza Kiswahili shuleni Ndalu. Steere alikusanya maneno na hadithi za watu wa Unguja, akatunga kitabu cha sarufi mwaka 1870, akatafsiri Maandiko, na vijana waliokombolewa walifanya kazi katika kiwanda chake cha chapa. Wajumbe walipokutana Mombasa mwaka 1928 kuchagua Kiswahili cha kutumiwa vitabuni katika Afrika ya Mashariki, walichagua Kiunguja. Watu wa Mombasa hawakufurahi, nao walikuwa na haki ya kusikitika, kwa kuwa lugha yao ya mashairi ilikuwa ya zamani na tajiri.

Nje, katika ua, chini ya usawa wa ardhi, liko shimo lenye sanamu tano za watu waliofungwa minyororo shingoni. Alizichonga Clara Sörnäs, fundi wa Sweden, mwaka 1998, na minyororo yenyewe si ya kuigiza, ni ya zamani hasa. Karibu yake mgeni huteremshwa katika vyumba vyenye giza, huambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo. Hapo na asikilize kwa uangalifu, kwa sababu jengo lililo juu yake lilijengwa na Misheni baada ya soko kufungwa, na wataalamu wa historia wana shaka juu ya habari hiyo. Sanamu zile hazina shaka. Mtu husimama ukingoni akiwatazama kwa juu, kama alivyosimama mnunuzi, na nyuso zao zimeinuliwa kidogo tu kuliko miguu yake.