Kibangwa cha Kadinali

Mtemi wa Kisukuma alipojitokeza mbele ya watu, macho yao yalitua kwenye kibangwa kabla ya kufika usoni. Ni kisahani cheupe kilichokatwa kwenye kitako cha gamba la konokono wa baharini, na kutoka Shinyanga hadi baharini si jirani. Aliyekivaa alitangaza bila kufungua kinywa kwamba misafara ya pwani humfikia. Anayeweza kusoma kibangwa anaweza kusoma picha ya mtawala yeyote, hata ya Ufaransa ya karne ya 17.

Tumtazame Kadinali Richelieu, waziri mkuu wa Mfalme Louis XIII, alivyochorwa na Philippe de Champaigne katika miaka ya 1630. Picha iko National Gallery, London. Joho jekundu limetawala turubai nzima. Kifuani, kwenye utepe wa buluu, unaning'inia msalaba wa Nishani ya Roho Mtakatifu. Hicho ndicho kibangwa chake. Ila kubwa zaidi ni kwamba amesimama. Viongozi wa Kanisa walizoea kuchorwa wameketi, na kusimama mwili mzima kulikuwa kwa wafalme na majemadari. Joho na nishani alipewa na wakubwa wake. Mkao ulitokana na uchaguzi, na tabia ya mtu huchungulia hapo: padri anayetaka atazamwe kama jemadari.

Na uso? Wengi hukimbilia huko: macho makali, midomo iliyobana, basi alikuwa katili. Mimi uso wa picha ya kuagizwa siuamini sana. Mwaka 1642 Champaigne alimchora Richelieu vichwa vitatu kwenye turubai moja, cha mbele na vya ubavuni, vitumike kama kielelezo cha mchongaji wa Roma. Juu ya kimojawapo cha ubavuni pameandikwa kwamba, kati ya hivyo viwili, hicho ndicho bora. Hata pua ya kadinali ilipita kwenye mchujo.

Basi ukiingia kwa broka wa dhahabu mjini Geita, usianze na tabasamu la Rais ukutani. Tazama mavazi, mkao, na kiti cha nani kiko chini ya fremu. Kisha tazama fedha anazohesabu broka. Noti ya 1,000 ina uso wa Nyerere. Ya 5,000 picha yake kuu si ya kiongozi: mbele kuna kifaru, na nyuma mgodi wa Geita.