Kimo cha Mzigo, Kimo cha Daraja

Dereva anayetoka bandari ya Mtwara kwenda Dar es Salaam anavuka Lukuledi, Mbwemkuru, Matandu na Rufiji. Mito yote hiyo iko chini ya magurudumu yake. Daraja la Mkapa pale Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, lina urefu wa mita 970, na mtu akilipita kutoka mwanzo hadi mwisho hakuna zege juu ya kichwa chake. Kwa mamia ya kilomita, hakuna daraja linalomlazimisha kujiuliza lori lake limefika juu kiasi gani.

Chanzo cha hali hiyo ni reli, au tuseme kukosekana kwa reli. Kwingineko duniani, mengi ya madaraja mafupi kwa kimo yanayogongwa na malori ni ya treni, yaliyojengwa kabla tela kubwa halijabuniwa. Kusini mwa Tanzania Waingereza walijenga reli kwa ajili ya mradi wao wa karanga ulioanza mwaka 1947, ikaunganisha Mtwara na Nachingwea. Mradi ukafa, na mwaka 1962 reli nayo ikafungwa.

Mji wa Durham, jimbo la North Carolina huko Marekani, haukupata bahati hiyo. Daraja la reli la mjini humo lilikuwa na upenyo wa mita 3.56 tu, likawa maarufu kwa kuchana mapaa ya malori mbele ya kamera ya jirani. Taa na mabango yaliwekwa; malori yakaendelea kunasa. Barabara haikuweza kuchimbwa kwa sababu chini yake kuna bomba la majitaka. Mwaka 2019 daraja likainuliwa kwa sentimita 20, na hata baada ya hapo limegongwa.

Madereva wa Mtwara hukutana na madaraja ya juu ya kichwa mwisho wa safari. Dar es Salaam, anayeshika Barabara ya Mandela anapita chini ya Daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa mwaka 2018, kisha anaingia kwenye ngazi tatu za barabara za Ubungo. Madaraja hayo yamejengwa malori yakiwa akilini, lakini hayawezi kusogea kumpisha aliyepakia kupita kiasi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua tela ambalo sakafu yake iko mita 1.5 kutoka ardhini. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59, kwa hiyo jumla ni mita 4.09. Lile kontena refu zaidi, ambalo nalo limejaa bandarini, lina mita 2.90, na jumla inakuwa mita 4.40. Ukiwa umekaa kwenye usukani, tofauti hiyo ya karibu sentimita 30 huioni kabisa.

Namba hizo pia hazitulii. Mzigo ukishushwa, springi zinapumua na tela linainuka. Lori lililopita salama likiwa limejaa linaweza kukwaruza likirudi na kontena tupu. Barabara ikiwekewa lami mpya juu ya ile ya zamani, upenyo wa daraja unapungua huku bango likiendelea kutaja kipimo cha zamani. Na pale barabara inapozama kidogo chini ya daraja, magurudumu ya mbele na ya nyuma ya tela refu yanakuwa yameshapanda kingo mbili, na katikati ya mzigo panabaki juu kuliko dereva anavyodhani. Tipa ina balaa lake: bodi iliyosahauliwa juu baada ya kumwaga kokoto.

Aina ya mzigo nayo ina neno. Makaa ya mawe yanayoletwa Mtwara kutoka mkoa wa Ruvuma ni mazito, hivyo hufikia ukomo wa mizani, tani 56 za lori na mzigo kwa sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, kabla hayajapanda juu. Korosho ghafi ni nyepesi kwa ujazo uleule. Magunia hupangwa safu juu ya safu, turubai likafungwa, na mizani haioni tatizo. Tatizo linaonekana lori linaposhuka kutoka Uwanda wa Makonde: mzigo mrefu hupandisha kitovu cha uzito, na kwenye kona kali tela huinama kabla halijateleza. Njiani kuna matawi ya miembe na nyaya za umeme zilizolegea.

Kusini, hata hivyo, daraja fupi linalotisha zaidi ni lile lililo karibu mno na maji. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi katika maeneo ya Somanga, na malori na mabasi yakakwama pande zote mbili hadi njia ya muda ilipopatikana. Mabomba ya zege na makalavati ya zamani hayakuwa na nafasi ya kupitisha mafuriko yale.

Mafuriko ni kazi ya wahandisi. Kimo cha mzigo kinaweza kushughulikiwa na dereva na utingo wake kwa futi ya kupimia: wapime baada ya kufunga turubai, si kabla, kuanzia ardhini hadi sehemu ya juu kabisa, kisha waandike namba hiyo kwa mita na kuibandika mbele ya usukani. Wakipakia upya Lindi au Kilwa, wapime tena.